PICHA NA MANENO YAKE
Sinema, Redio na Video katika Elimu ya Tanzania, na Funzo lake kwa Shule za Singida

Utangulizi

Panapozungumzwa habari za matumizi ya video shuleni, mara nyingi mazungumzo huanza na mitambo. Je, umeme upo? Kioo cha kutazamia kipo? Mtandao unafika? Maswali haya ni ya haki kabisa, kwani pasipo umeme hapana picha. Hata hivyo, mtu akiifuata historia ya picha na sauti katika elimu ya nchi yetu ataona kwamba zipo nyakati ambapo mtambo ulifika na somo halikufika, na kwamba kilichopungua katikati kilikuwa ni maneno. Zipo pia nyakati ambapo maneno yalitungwa kwa uangalifu mkubwa lakini hayakupata kitu cha kuambatana nacho, yakabaki vitabuni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno na kitu havina budi kufika siku moja, na kwamba jambo hili linawahusu watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali kwa kiasi kilekile linavyowahusu mafundi wa mitambo.

Kielelezo chetu ni Mkoa wa Singida. Mkoa huu wa katikati ya nchi, ambao kwa Sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2, unafaa kwa sababu ya lugha zake. Wanyaturu wako Singida na Ikungi, Wanyiramba wako Iramba na Mkalama, Wagogo wako Manyoni, na Wakimbu wako upande wa Itigi. Hawa wote husema lugha za Kibantu. Lakini wamo pia Wataturu, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kiniloti, na Wahadzabe wa upande wa Mkalama, ambao lugha yao haijathibitika kuwa na undugu na nyingine yoyote. Kwa watoto wengi wa mkoa huu, basi, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, na Kiingereza cha shule ya sekondari ni lugha ya tatu. Picha inayopita upesi, ikisindikizwa na maneno yasiyoeleweka, humpita mtoto kama huyu kama gari linavyompita mtu aliyesimama kando ya barabara.

Sinema za Vugiri

Jaribio kubwa la kwanza la kufundisha kwa picha zinazotembea katika nchi hizi lilifanyika kati ya mwaka 1935 na 1937. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na fedha zake nyingi zilitoka katika mfuko wa Carnegie wa Marekani. Waliolisimamia ni L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu 35, wakiwatumia wananchi wa kawaida kuwa waigizaji, kisha wakazipeleka kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani zilizo kusini. Mada zilikuwa za maisha ya kila siku: kuweka akiba katika Posta, kuzuia mmomonyoko wa udongo, kujikinga na safura, na nyingine za namna hiyo.

Sisi tunaoshughulika na lugha tunapaswa kuangalia jinsi filamu hizo zilivyosemeshwa. Sauti haikuwa ndani ya filamu, bali katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Kwa njia hii filamu moja iliweza kupewa maelezo ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Wazo lilikuwa zuri, bali lilikuwa na matatizo mawili. Kwanza, sindano ya santuri ikiteleza, maneno hutangulia picha au hubaki nyuma. Pili, maneno yaliyokwisha kurekodiwa hayawezi kumjibu mtazamaji anayeuliza. Kwa hiyo mara kwa mara ilibidi awepo mkalimani mwenye kipaza sauti, anayeijua lugha ya mahali, aieleze picha kwa namna ambayo wenyeji wangeielewa. Mkalimani huyo hakuwa na istilahi za kuegemea. Alitunga maneno papo hapo, na gari lilipoondoka maneno yake yaliondoka nalo.

Fedha za jaribio zilipokwisha mwaka 1937, serikali za kikoloni hazikuliendeleza. Baada ya Vita Kuu ya Pili sinema za maelezo ziliendelea kuzungushwa vijijini kwa magari, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za hadithi zilizosemwa kwa Kiswahili chenyewe. Katika mojawapo, iliyoitwa "Muhogo Mchungu", mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yetu. Hapo ndipo watazamaji walipowasikia watu wa kwenye picha wakisema kama wao, bila mkalimani kusimama kando.

Redio na mafiga matatu

Baada ya Uhuru, Serikali ya Tanzania Bara haikukimbilia televisheni. Ilichagua redio, na sababu zake zinafahamika: redio ya betri haingoji umeme, bei yake ilikuwa nafuu, na sauti yake ilifika mahali ambapo barabara haikufika. Kwa mkoa kama Singida, ambako vijiji vimetawanyika katika nchi kavu yenye upepo, uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa.

Kilele cha kazi hiyo kilikuwa ni zile kampeni za elimu kwa redio. Mwaka 1969 ilikuwapo "Kupanga ni Kuchagua", iliyoeleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mwaka 1971 ikaja "Wakati wa Furaha", ya kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru. Mwaka 1973 ikafuata "Mtu ni Afya", ambayo inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2 walishiriki, na mwaka 1975 "Chakula ni Uhai".

"Mtu ni Afya" inastahili kuchunguzwa na kila mtu anayefikiria kutumia video shuleni. Kampeni ile ilikaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza lilikuwa ni kipindi cha redio. La pili lilikuwa ni kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya watu ambao wengi wao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. La tatu lilikuwa ni kiongozi wa kikundi, aliyefunzwa kabla ya kampeni kuanza. Wananchi walikusanyika, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Magonjwa yaliyozungumzwa yalikuwa na majina ambayo wananchi waliyajua au waliweza kuyashika upesi: malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu.

Safura iliyofundishwa kwa picha miaka ya 1930 ndiyo iliyofundishwa kwa redio mwaka 1973, tena bila picha yoyote inayotembea. Chombo cha pili kilikuwa duni kuliko cha kwanza, kwa kuwa hakikuonyesha kitu. Lakini neno lilifika siku moja na jambo lenyewe: lilisikika redioni, likasomwa kitabuni, likatamkwa na kiongozi wa kikundi, likatiwa mkononi pamoja na jembe la kuchimbia choo.

Televisheni, kaseti na sauti ya kando

Zanzibar ilianzisha televisheni yake mwaka 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado zinatazama picha nyeusi na nyeupe. Bara ilingoja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Televisheni ya Serikali ilifuata baadaye.

Katika kipindi hicho cha kungoja, video ilikuwa imekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma. Kaseti zilienea, na katika miji mingi yakajengwa mabanda ya video ambamo watu walilipa kiingilio kidogo kutazama filamu za nchi za nje. Lugha za filamu hizo hazikueleweka na wengi, na hapo akazaliwa tena yule mkalimani wa miaka ya 1930. Alikuwa ni mtu anayeongea Kiswahili juu ya sauti ya filamu, anayefasiri, anayefupisha, anayetia mzaha, anayewapa waigizaji wa mbali majina na tabia za jirani zetu. Nchini Uganda wako wenzake wafanyao kazi hiyo kwa Kiganda. Wanaoipenda lugha sanifu hawakuwa tayari kuiheshimu kazi hii. Hata hivyo ilithibitisha kwamba watazamaji wetu, wakiachiwa kuchagua, huchagua picha yenye maneno yao.

Mahali pengine barani Afrika jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Nchi ya Ivory Coast ilianza mwaka 1971 kufundisha shule za msingi kwa televisheni, masomo yakitengenezwa Bouaké na kurushwa kwa Kifaransa kwa watoto ambao wengi wao hawakukisema nyumbani. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 1982. Sababu zilikuwa nyingi, gharama ikiwa miongoni mwake, lakini hapana mwalimu wa lugha asiyeona uzito wa kumtaka mtoto ajifunze lugha ngeni na somo jipya kwa pamoja, kutoka kwa mwalimu wa kwenye kioo ambaye haulizwi swali.

King'amuzi, kishikwambi na shule zilizofungwa

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Dodoma, jirani ya Singida, zamu yake ilikuwa Januari 2013. Kila mwenye televisheni alihitaji kifaa kipya, na kifaa hicho kikapata majina mawili. Watu wakasema king'amuzi, kutokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililokuwa limejificha. Wataalamu na hati za Serikali zikasema pia kisimbuzi, kutokana na kusimbua, yaani kufungua kilichofungwa kwa simbo. Jina la pili linaieleza kazi ya kifaa kwa usahihi zaidi, nalo la kwanza ndilo lililotangulia kuingia sebuleni. Mpaka leo yote mawili yanasikika, na watafsiri hukuta taabu ya kuchagua.

Mwezi Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na nyingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Katika muda huo Taasisi ya Elimu Tanzania ilirekodi masomo, yakarushwa katika redio na televisheni, na mengine yakawekwa katika mtandao. Kwa mara ya kwanza jambo ambalo lilikuwa nyongeza tu ya shule likawa ndiyo shule yenyewe. Upungufu ulioonekana haukuwa wa mitambo peke yake. Mtoto aliyekuwa na televisheni nyumbani hakuwa na mwalimu wa kumgeukia aliposikia neno asilolijua. Mafiga yalikuwa yamebaki mawili, na wakati mwingine moja, na chungu hakikai juu ya figa moja.

Kisha ikaja Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Makarani walitumia vishikwambi, na baada ya kazi hiyo vifaa hivyo vikagawiwa kwa walimu, Singida ikiwamo. Neno kishikwambi lilikuwa geni, na wapo waliolicheka. Lakini halikukaa katika orodha likingoja kukubaliwa. Karani alikabidhiwa kitu na jina lake kwa pamoja, akatia sahihi kwamba amepokea kishikwambi, akaenda nacho nyumba kwa nyumba. Baadaye mwalimu naye akakipokea kwa jina hilohilo. Kwa muda mfupi neno lilienea kwa kadiri ambayo mikutano mingi ya istilahi haikupata kuifikia.

Njia tatu za kupata maneno

Tukiyatazama maneno ya uwanja huu tutaona kwamba Kiswahili kimepita njia zake tatu za kawaida. Njia ya kwanza ni kukopa: redio, televisheni, filamu, video, projekta, kompyuta, intaneti. Hata mubashara, ambalo siku hizi husikika kila matangazo yanaporushwa tukio linapotendeka, limetoka katika Kiarabu, ingawa wasikilizaji walikwisha kuzoea kuambiwa "moja kwa moja".

Njia ya pili ni kutanua maana ya neno la zamani. Kurusha, ambalo ni tendo la mkono na jiwe, likawa tendo la mnara na mawimbi. Mtandao umetokana na kutanda. Kupakia na kupakua ni maneno ya bandarini, ya kutia shehena chomboni na kuitoa. Lakini kwa mwananchi wa Singida, aliye mbali na bahari, kupakua ni neno la jikoni, la kutoa ugali chunguni na kuutia sahanini. Maana zote mbili zinafaa kwa video inayotolewa mtandaoni na kutiwa katika kishikwambi, na ndiyo sababu neno hili limekubalika bila ubishi. Kutiririsha nalo limetoka katika maji yanayopita pasipo kukatika.

Njia ya tatu ni kuunda: runinga, king'amuzi, kisimbuzi, kishikwambi. Maneno haya yana kazi ngumu zaidi kwa sababu msikilizaji hana pa kuanzia. Runinga imeishi kwa miaka mingi bega kwa bega na televisheni bila kuiondoa, kwa kuwa ilipofika, kitu kilikuwa kimekwisha kupata jina.

Darasa la Singida

Maneno tuliyoyataja mpaka hapa ni ya vyombo. Maneno yaliyo mazito zaidi ni yale ya masomo yanayobebwa na vyombo hivyo, na hapo ndipo mtoto anapopata au anapopotewa.

Mtoto wa Singida anayesoma darasa la saba huijua alizeti tangu utotoni. Anaijua ikiwa shambani na ikiwa mafuta. Shuleni amefundishwa kwa Kiswahili kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua, na amelisikia neno usanisinuru. Mwaka unaofuata anaingia kidato cha kwanza. Anaonyeshwa video nzuri ya jambo lilelile: jani limekuzwa, rangi zinang'aa, mishale inaonyesha hewa ikiingia na kutoka. Sauti ni ya Kiingereza, tena ya upesi. Mtoto anatazama kwa furaha, na mwisho wa kipindi hajui kwamba alichoonyeshwa ni kile alichokwisha kukijua.

Si kwamba maneno hayapo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi ile ilikuwa kubwa na ya kuheshimika, lakini istilahi zake zilikosa darasa la kuishi ndani yake, maana sekondari iliendelea kufundisha masomo hayo kwa Kiingereza. Filamu za Vugiri zilikuwa kitu kisicho na neno. Istilahi hizi zimekuwa neno lisilo na kitu.

Video ya mtandaoni inatupatia nafasi ambayo sinema na matangazo ya televisheni hayakuwa nayo. Filamu ya lori ilipita. Kipindi cha televisheni kilipita. Video iliyopakuliwa husimama mwalimu anapotaka isimame. Anaweza kuizuia katikati, akaligusa jani kwa kidole, akasema: hii ndiyo usanisinuru mliyojifunza, sasa sikilizeni inavyoitwa kwa Kiingereza. Kwa dakika hiyo mwalimu amekuwa mkalimani wa Vugiri na kiongozi wa kikundi cha "Mtu ni Afya" kwa pamoja. Hata gharama hupungua: video moja ikipakuliwa mara moja mjini Singida na kuhifadhiwa, yaweza kutumika Kiomboi au Itigi bila bando jingine kununuliwa. Lakini mwalimu huyo akikosa istilahi iliyokubaliwa atatunga yake, na mwenzake wa shule ya pili atatunga nyingine, na wanafunzi wao wakikutana katika mtihani au kazini hawatakuwa na neno moja.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunaweza kupendekeza mambo manne. La kwanza, pasitengenezwe video ya somo bila orodha fupi ya istilahi zake kwa Kiswahili na Kiingereza, iwekwe pamoja na video yenyewe, si katika kitabu kingine kitakachotafutwa baadaye. Maneno 10 yanayofika siku moja na picha yana faida kuliko maneno 1,000 yanayofika mwaka wa pili.

La pili, watafsiri wafunzwe kazi ya kuandikia picha. Mfasiri wa kitabu huhesabu kurasa, lakini wa video huhesabu sekunde. Sentensi za Kiswahili mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko za Kiingereza, na asiyejua kufupisha bila kupoteza maana atajikuta anaeleza mzizi wakati picha imekwisha kufika kwenye ua.

La tatu, vyuo vya ualimu, kama kile cha Kinampanda huko Iramba, vifundishe jinsi ya kuisimamisha video na kuizungumza. Mwalimu anayewasha projekta na kukaa nyuma ya darasa amefanya kazi ya fundi umeme tu.

La nne, wanaosanifu istilahi wasingoje maneno yaletwe mezani. Walimu wa Singida wanafasiri kila siku, mbele ya watoto wenye lugha za nyumbani tatu au nne katika chumba kimoja, na maneno yao yamekwisha kupimwa na masikio ya watoto hao. Yakusanywe, yachambuliwe, na yaliyo bora yarudishwe shuleni yakiwa sanifu.

Vifaa vitazidi kubadilika. Kishikwambi nacho kitazeeka kama santuri ilivyozeeka, na kingine kitakuja na jina ambalo hatujalisikia bado. Kazi ya mwenye lugha ni kuhakikisha kwamba siku kitakapofunguliwa katika darasa la Ikungi au Mkalama, maneno ya somo yawe yamekwisha kufika.